Visiwa vya Tahiti, Nyuma ya Duka la Marzouq

Jumamosi, 7 Machi 1998. Ibra, Omani.

Msiba! Faksi imefika asubuhi. Bwana Anton, yule Mholanzi aliyekuwa mhandisi wetu wa visima vya mafuta enzi nikiwa mtunza stoo, anasikitika sana. Yoti yake, ile boti ya matanga aliyonialika, imevunjika mlingoti huko Tahiti. Safari ya visiwani haipo. Labda mwakani.

Labda mwakani! Jana tu nimeagwa. Mbuzi wawili wamechinjwa. Mtaa mzima umekula. Mke wangu Ghaniya, mwalimu wa Kiingereza mwenye haya zake, alivaa dhahabu yake yote. Na kaka yake, shemeji yangu Badar, kasimama kuhutubia: ati yeye haamini mpaka aone picha. Watu wakacheka. Badar amekwenda London mara mbili, na haachi kutukumbusha. Mimi nililetwa kutoka Unguja nikiwa mtoto, na tangu hapo safari yangu ndefu ni Maskati. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupata kitu changu cha kuhadithia.

Siwezi kuwaambia. Siwezi! Ghaniya amekwishamwambia hata muuza samaki.

Nimefikiri mchana kutwa. Nitasafiri kama nilivyoagwa. Ila si Tahiti.

Jumatatu, 9 Machi. Al Hamra.

Badar kang'ang'ania kunipeleka mwenyewe uwanja wa ndege wa Sib, Maskati. Nimekataa, kanishinda. Ghaniya kanifungia tende, kahawa, bizari na chupa ya maji ya kusomewa. Akaniambia niitazame ile bahari kwa niaba yake pia. Roho iliniuma, lakini si kiasi cha kusema kweli.

Uwanjani nilijifungia chooni mpaka Badar akaondoka. Mfagiaji aligonga mlango, akaniuliza kama naumwa tumbo. Kisha teksi, moja kwa moja mpaka Al Hamra. Kwa nini Al Hamra? Simjui mtu. Milima kila upande. Nani atamtafuta baharia hapa? Akili!

Nimepanga chumba nyuma ya duka la mtu aitwaye Marzouq. Kibanda cha simu kiko mbele ya duka lake. Kabla sijatua begi alikwishaniuliza jina, kabila, baba na mjomba. Nilijibu nusu nusu. Akanitazama kwa huruma, akaniletea chakula.

Alhamisi, 12 Machi.

Siku zote hizi nasoma kitabu changu cha visiwa. Nuku Hiva, Ua Pou, Rangiroa. Naijua bandari ya Nuku Hiva kuliko soko la Ibra.

Leo simu ya kwanza. Mpango ulikuwa kamili. Beseni la maji miguuni, la kuchapa kwa mkono, ili mawimbi yasikike. Kila nikiulizwa kitu nangoja kidogo ndipo nijibu, kama zilivyo simu za ng'ambo. Ghaniya kawakusanya wanawake wa mtaa. Nikapaza sauti: niko Nuku Hiva! Milima imeingia baharini! Papa wanatuzunguka! Vigelegele. Nilifurahi sana, sitaficha.

Hapo ikaadhiniwa magharibi. Msikiti uko jirani kabisa na kibanda. Na ndani ya simu, adhana ya Ibra. Zote mbili kwa pamoja!

Ghaniya kauliza hiyo adhana ya wapi. Nikawahi: huku ni alfajiri, saa zimepinduka, na hiyo ni saa ya adhana niliyomzawadia Bwana Anton. Kauliza Mholanzi ana haja gani na saa ya adhana. Nikasema anaipenda. Nikasema anauliza maswali ya dini. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kisha vigelegele mpaka Marzouq akatoka dukani. Akanikuta nimeinama, simu sikioni, mkono ndani ya beseni. Baada ya sala kaniletea harisi, ngano iliyopondwa na nyama, akanishauri kwa upole: mke akikasirika, mtu humwomba radhi, khalas, yakaisha, akarudi kwake. Anadhani nimefukuzwa nyumbani!

Jumamosi, 14 Machi.

Balaa. Bwana Anton kasilimu. Ibra nzima inajua, isipokuwa yeye mwenyewe.

Nimepiga simu, Ghaniya kanieleza. Jana baada ya sala ya Ijumaa imamu kamwombea dua. Wamempa jina, Abdallah. Mtu katoa dishdasha mpya, kanzu ya Kiomani, mwingine kofia iliyotariziwa kwa mkono. Bi Tamima, ajuza wa nyumba ya pili, kalia, kasema marehemu baba yangu angekuwa hai angejivunia mimi.

Nimelala chali natazama dari. Kusingizia visiwa ni jambo moja. Hili ni jingine. Naona haya kwa Mungu, naona haya kwa Bi Tamima. Chakula cha Marzouq sijakigusa.

Na bado. Badar anataka kuzungumza na Abdallah. Jumatatu. Kwa Kiingereza.

Jumatatu, 16 Machi.

Bahati! Mtalii wa Kijerumani kashuka kutoka mlimani, kaja kununua maji. Nikamnunulia soda. Nikamwomba amsalimie shemeji yangu kwenye simu, maana anajifunza Kiingereza. Salamu tu, basi. Akakubali, mtu mzuri.

Akatoa salaam aleikum, safi kabisa. Ningemnyang'anya simu hapo hapo. Lakini mdomo wake haukufungika tena. Nikamvuta shati. Akaendelea kumweleza Badar habari za milima, mbuzi, nyumba za udongo, barabara mbovu, na mzee mkarimu wa Kiomani aliyemnunulia soda. Nikajua nimekwisha.

Kumbe Badar hakuelewa hata neno! London mara mbili! Nilipoichukua tena simu nilimsikia akiwatafsiria wenzake: Abdallah anasema moyo wake umejaa nuru. Sijawahi kumpenda Badar namna ile.

Halafu nikasikia pumzi ya Ghaniya. Alikuwa akisikiliza kwa simu ya chumbani tangu mwanzo. Alingoja kaka yake akate. Kisha akauliza polepole, akiniita kwa jina la mtoto wetu: "Kuna baridi huko mlimani, Baba Wasan?"

Nikasema yote. Nikalia, mtu mzima, mbele ya duka la watu. Kasema alijua tangu Alhamisi: nchi gani hiyo ya ng'ambo inayoadhini pamoja na Ibra? Kasema hakuwa na haja na Tahiti. Alichotaka ni kuniona nimefurahi. Kilichomuuma ni kwamba nimeona haya kwake, yeye mke wangu, kama vile yeye ni Badar.

Akanipa masharti. Habari ya kusilimu niikanushe kwa mdomo wangu mwenyewe, hilo halichezewi. La pili, niseme mlingoti ulivunjika, ambayo ni kweli, na yeye atasimama nami. Baada ya hapo uongo basi. Nimeapa.

Marzouq kaniona nafuta macho. Akanipiga begani, akasema alhamdulillahi, amekusamehe. Kakataa kodi ya chumba.

Jumatano, 18 Machi. Ibra.

Sebule imejaa. Kahawa, halwa, wazee wote. Ghaniya kakaa na wanawake karibu na mlango, ananitazama.

Nilianza vizuri. Nikasema Bwana Anton hajasilimu, maneno yalinitoka mimi, kosa ni langu, nawaomba radhi. Ilikuwa vigumu. Imamu kasema uongofu uko mikononi mwa Mungu, tuendelee kumwombea. Bi Tamima kaniambia haidhuru mwanangu. Nikasema na safari imekatika kwa sababu mlingoti wa yoti ulivunjika. Kweli tupu! Ghaniya akatabasamu. Ningenyamaza hapo.

Badar akauliza ulivunjikaje.

Hakucheka. Mara ya kwanza tangu nimwoe dada yake, kaniuliza kitu kwa kutaka kujua. Wote wakainamisha vichwa kunisikiliza. Nikafungua mdomo. Akatoka nyangumi.

Mkubwa kuliko msikiti wetu! Alitupiga ubavuni. Nilimkabili kwa kasia. Imamu kasema subhanallah. Badar kasahau kikombe mkononi, kahawa ikapoa.

Ghaniya alimsindikiza mgeni wa mwisho mpaka akavaa viatu. Kisha kasema mwakani siendi peke yangu. Anakuja nami Tahiti, amechoka kuhadithiwa. Akazima taa, akaenda kulala.

Nimekaa nafikiri. Kosa langu sasa naliona waziwazi. Lilikuwa Al Hamra. Milimani! Mwakani ni Ras al Hadd, pwani ya hapa hapa Omani. Mawimbi ya kweli, bila beseni. Tukifika usiku, na Ghaniya kasinzia garini, hatajua tofauti.