Neno la Siri Lililosikika Maktaba Nzima

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Ngojeni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua nafanya kazi kwenye maktaba ndogo hapa Bagamoyo. (Ndogo, lakini kwenye mambo ya mtandao msituchezee.) Kwa miezi mingi nimekuwa nikiskani barua za kale za familia ya Bi Mwanaidi wa Zinga, za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mama huyu alikuwa mgumu kuzitoa, maana kuna mgeni aliwahi kuzipiga picha akazimwaga mtandaoni bila kumuuliza. Nikamwahidi kwamba safari hii atazifungua mtafiti mmoja tu, profesa mstaafu wa Mwanza, kwa siku saba basi. Utaratibu nimeupanga mwenyewe: kiungo kwa barua pepe, neno la siri kwa simu.

Asubuhi Bi Mwanaidi kaja kushuhudia. Nikamwamkia, nikampa kiti kando ya meza yangu. Bosi akasimama nyuma. Wasomaji kama kumi, kimya. Nikapiga simu nimevimba kwa fahari. Mtandao unakatakata. Profesa akaomba neno la siri.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jana kompyuta ilinikatalia maneno matatu, eti dhaifu. Kwa hasira nikaandika la moyoni. (Likakubaliwa papo hapo. Imara kabisa!)

Nikanong'ona. Hasikii. Nikanong'ona tena. Bosi akaniambia niache kumchosha mzee wa watu.

"Nitaolewa Na Hamisi," nikasema kwa sauti. "Yote pamoja, N zote kubwa, H kubwa. Mwishoni alama ya mshangao."

"Utaolewa na nani, mwanangu?" profesa akauliza.

"Hamisi!"

Hamisi ni mwalimu wa uvuvi kule Mbegani. Ndiye aliyekuwa akituletea maboksi ya barua. Ni mtoto wa Bi Mwanaidi. (Na mwenyewe hana habari.)

Vichwa vyote viligeuka. Lakini kazi ni kazi. Neno lililosikiwa na watu kumi si siri tena, kwa hiyo nikalibadilisha palepale, nikatoka uani, nikampigia profesa upya. Faili zikafunguka. Nikamwomba ajaribu kumpa msaidizi wake kile kiungo. Kikamkatalia msaidizi! Kisha nikarudi ndani, profesa akamsomea Bi Mwanaidi barua ya babu yake kwenye simu, salamu baada ya salamu, na mama wa watu akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilisimama pale na aibu yangu, kifua mbele.

Alipoinuka kuondoka akanishika mkono.

"Barua za babu hazivuji," akasema taratibu. "Unayevuja ni wewe."

Msicheke, nawaomba. Kesho Hamisi anakuja kuchukua maboksi yao, na mama yake amesema watakuja wote wawili.