Funda Moja la Maji ya Mbugani

Rafiki zangu wa Kanyenye, hapo Tabora mjini, leo sina pa kuuficha uso wangu. Nawaandikia kutoka Igalula, koo linawaka.

Mnajua bomba la mafuta la mkandarasi aliyeniajiri lilipasuka, mafuta yakaenea mbuga nzima, lile bonde la maji wanakolima mpunga. Kambale walielea matumbo juu. Mpunga ulikufa ukiwa umesimama. Tangu hapo kazi yetu ni kuirudisha mbuga: kuzoa tope jeusi na kupanda matete upya. Mimi ndiye karani wa kazi. (Karani! Suruali nyeupe, kalamu mbili mfukoni, inayoandika moja.)

Jana bwana mkubwa aliniambia, "Wanakijiji waweke dole gumba kwenye karatasi kwamba mbuga imepona. Wakishaweka, tunafunga kazi tunaondoka." Nilijua haijapona. Ukikanyaga tope, mafuta yanapanda juu yakimetameta. Lakini nani abishane na anayemlisha?

Asubuhi watu wakakusanyika. Mama Kalunde, mwenye majaruba mengi ya mpunga kuliko wote, akakaa mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sema."

Nikasema! Nilihutubia kama liwali. Maji safi, matete yameshika, mvua ikinyesha pandeni. "Leo nawakabidhi mbuga yenu!" Nikamsogezea karatasi na kidau cha wino.

Hakuvigusa. Alishuka mbugani, akachota maji kwa kata, akaniletea kwa mikono miwili.

"Umesema unatukabidhi. Kwetu mtoaji huonja kwanza. Hata pombe ya harusi, aliyeipika ndiye hutangulia."

"Mama, mimi nimeshakunywa chai."

"Funda moja tu, karani."

(Mwenye akili angekiri hapo hapo. Mimi nilikuwa nafikiria cheo changu.) Nikafumba macho, nikapiga funda. Toba! Mafuta matupu! Nikajikaza nitabasamu, tumbo likakataa. Nilitapika chai, nikatapika muhogo, nikatapika maji ya mbuga. Juu ya karatasi. Juu ya suruali nyeupe. Nilianguka kwa magoti mbele ya kijiji kizima na bado yalikuwa yanatoka.

Mama Kalunde akanishika paji la uso, kama unavyomshika mtoto mgonjwa, mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, "Wajukuu zangu wanayanywa hayo kila siku. Kisima chetu kingine kiko wapi?"

Nimeona haya, jamani, haya ya kweli, si ya suruali.

Jioni hii nimemwandikia bwana mkubwa: mbuga haijapona, dole gumba hakuna. Kesho huenda nikarudi Tabora kwa miguu, bila kazi.

Nyinyi chekeni mtakavyo, nimewaruhusu. Huku walinitazama wote, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyecheka.