Bilabila

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Bosi anafungua duka la pili la fanicha na anatafuta msimamizi. Ni mimi au Kimya, muuzaji mwenzangu, mtu ambaye ukimsalimu anatikisa kichwa kubana matumizi. Msimamizi atapewa na vyumba viwili nyuma ya duka. Vyumba viwili! Mimi na mke wangu tunalala sebuleni kwa mama yake mwaka wa pili sasa, na kila asubuhi lazima tukunje godoro kabla mama mkwe hajaja kusikiliza redio.

Mchana nilikuwa nafuta vumbi kwenye kitasa cha mlango wa bosi. Vumbi lilikuwa jingi, ikabidi niinamishe na sikio. Nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba mimi nikianza kuongea na wateja ni bilabila tupu.

Bilabila! Kama mechi iliyokwisha bila bao. Maana yake mimi na Kimya tuko sare, na bosi anasubiri mmoja wetu afunge. Nimerudi nyumbani napiga miluzi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshambulia tangu filimbi ya kwanza. Waliingia mume na mke wanatafuta kitanda. Nikawaeleza habari za mbao, za gundi, za uti wa mgongo, nikapitia na kwenye ndoto. Mume akalala pale pale kwenye kitanda cha maonyesho. Akakoroma. Ushahidi gani tena? Lakini mke akamgeukia Kimya, akamwuliza kama kitanda ni imara. Kimya akasema ndiyo. Wakanunua.

Bao la kuotea. Mteja nimemlaza mimi.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu anasema usiku nimeuza kabati usingizini. Nimemwambia hayo ni mazoezi. Mama mkwe akauliza kama nina hakika bosi alisema bilabila, si blabla. Nikamweleza kwa adabu kwamba blabla si neno, ni mtoto mchanga anayetafuta maziwa, na kwamba umri ukienda masikio nayo huenda. Akajibu kwamba yeye hasikii vizuri, ila mimi sisikilizi kabisa. Mke wangu akacheka mpaka chai ikampalia.

Nimemwongezea mama mkwe chai. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Mama mkwe naye kasema anaviombea sana hivyo vyumba viwili, kwa hiyo kuna mahali tunaelewana.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja mwenye nyumba ya wageni, anataka vitanda vya vyumba vyake vyote. Bosi akasema atakayehudumu vizuri leo ndiye msimamizi, kisha akaniomba niende nikanywe chai, taratibu, hata vikombe viwili. Nikaelewa. Anampa Kimya kipindi cha kwanza.

Mchezaji wa akiba haendi kunywa chai. Nikajificha ndani ya kabati la milango mitatu, karibu na vitanda, nisubiri zamu yangu. Mlango ukajifunga. Kitasa cha ndani hakuna, kasoro ambayo sikuwahi kuitaja kwa wateja.

Nikamsikia Kimya akitaja bei. Halafu kimya. Mteja anafikiri. Kimya anamwacha afikiri! Nani humwacha mteja afikiri? Nilivumilia mpaka jasho likanitoka, kisha nikaanza kueleza, taratibu, kwa sauti nzito, sifa za mbao ya mninga.

Mteja akaruka juu ya godoro. Akauliza kama makabati ya hapa yanaongea. Bosi akamtuliza, akamwambia huyo si jini, ni yule wa blabla.

Nikapiga kelele mle ndani kwamba hata kama bado ni bilabila, naomba dakika za nyongeza.

Walipofungua, mteja alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Amenunua vitanda vyote kwa Kimya. Ameagiza na kabati, lisilo na mtu ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi aliniita. Alisema ni blabla. Neno la Kiingereza la mitaani, maana yake maneno mengi yasiyo na kitu. Aliligawa vipande viwili ili nisikosee: bla, halafu bla tena. Vyumba viwili ni vya Kimya, ambaye alinipa mkono na kusema pole. Kwake hiyo ni hotuba.

Niliumia. Nilikaa juu ya stuli iliyokwishauzwa, nikamfikiria mke wangu akikunja lile godoro. Nilikaribia kabisa kukubali kwamba naongea sana.

Halafu nikarudi kumwomba bosi ufafanuzi. Nikamfafanulia ninavyotaka anifafanulie. Bosi akashika kichwa, akanyooshea kidole mlango wa nyuma, akasema kuanzia Jumatatu niende stoo nikakomae.

Nikakomae! Bosi hamwambii mtu akakomae kama hana mpango naye. Anayeivishwa pembeni ndiye atakayeongoza duka la tatu. Nimemkumbatia. Akasema jambo fulani begani kwangu, sikulisikia vizuri, ila lilikuwa na uchungu wa baba.

Nyumbani nimeeleza yote, tangu chakula mpaka vyombo vikakauka. Mke wangu kauliza duka la tatu liko wapi. Mama mkwe kauliza kama nina hakika bosi alisema nikakomae, si nikakome.

Maskini, mama wa watu. Kesho nampeleka akapimwe masikio.