Malalamiko Dhidi ya Mji Usiojua Hodi

Alfonce Masatu,
Bwana Samaki Msaidizi,
Kamunyonge, Musoma.
Agosti, 1984.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji,
Kando ya Mto, Hungaria.

Kupitia kwa Ndugu Laszlo, mkalimani, ambaye namwomba atafsiri yote bila kulainisha.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UKIMYA WA MJI WAKO NA HATUA ZA HARAKA ZINAZOTAKIWA

Nakusalimu kwa jina la urafiki wa nchi zetu mbili. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Wazee wanaendeleaje? Mvua mmepata? Mifugo haijambo? Najua hutajibu hata swali moja kati ya hayo, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, lakini nitalifikia kwa utaratibu.

Mimi ndiye yule Mwafrika mliyempokea mwaka huu, niliyekuja kujifunza kufuga samaki kwenye mabwawa. Sijui ni nani ofisini aliyeamua kwamba mtu aliyezaliwa Murangi, ziwa likiwa mlangoni, apandishwe ndege akajifunze kuchimba dimbwi. Lakini serikali ikikutuma unakwenda, nami nilikwenda. Masomo yalikuwa mazuri na walimu wenu ni watu wa heshima. Jina la mji wako silitaji kwa sababu lina herufi zenye vitone na mikia ambazo mashine ya taipu ya ofisi yetu haina, na hata ingekuwa nazo utepe wa wino umekwisha tangu mwaka juzi. Ndiyo maana naandika kwa mkono.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu salamu. Kwenu mtu akishasema neno moja asubuhi, amemaliza, anapita. Mara ya kwanza nilisimama njiani nikisubiri sehemu ya pili ya salamu, kuja kutazama, mwenzangu amekwisha kata kona na baiskeli yake. Huku kwetu huwa tunasalimianaga hasa. Mama wa Kijita akikukuta unakwenda mashineni, ujue wengine watasaga unga kwanza. Atamwulizia mkeo, watoto, shemeji yako aliyeko Bunda, na ng'ombe wa huyo shemeji. Kwenu nilikaa hadi nikaanza kujisalimia mwenyewe wakati wa kunyoa ndevu. Na nilikuwa najiitikia vizuri tu.

2. Kuhusu mto. Mto wenu mnauita Tisa. Nilimwuliza Ndugu Laszlo ile mingine minane iko wapi, hakucheka, alikwenda kuangalia kwenye ramani. Basi, mto mpana, maji mengi, unapita katikati ya mji, na hakuna anayefua, hakuna anayeoga, hakuna mtoto anayefokewa atoke majini. Kuna wazee tu, kila mmoja na kiti chake na ndoana yake, wamekaa mbalimbali bila kusemeshana tangu kunapopambazuka. Nilisogea karibu na mmoja ili nimchangamshe. Akahamisha kiti.

Baadaye mzee huyo alivuta samaki wa jamii ya kambare mumi, mkubwa, wa kulisha nyumba nzima na jirani. Akampima, akampigapiga mgongoni, halafu akamrudisha mtoni! Jamani! Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika ng'ambo. Yeye akadhani nampongeza, akanipa mkono. Ndugu Mwenyekiti, nimefanya kazi ya samaki tangu nimalize shule, nimeona samaki akiponyoka, akiibiwa, akiliwa na fisi maji. Sijawahi kuona akisamehewa.

Viumbe pekee wenye kelele katika mji wako ni wale korongo waliojenga juu ya nguzo za umeme. Niliambiwa kwamba baridi ikianza wanaondoka wote wanakuja Afrika. Sikushangaa hata kidogo, wanatafuta watu wa kuongea nao.

3. Kuhusu miadi. Daktari wenu wa mifugo alinialika kwake, nikashukuru. Akasema Alhamisi, saa kumi. Sasa Jumanne mimi na Ndugu Laszlo tulikuwa tunapita karibu, nikaona si uungwana kupita nyumba ya mtu anayenifahamu bila kuingia. Walitoka familia nzima wakiwa wamebadilika nyuso, mke ameshika mwiko, wakamwuliza mkalimani nani amekufa. Nikaeleza kwamba hajafa mtu, nimekuja kuwaona tu. Basi wakaniona, nami nikawaona, tukasimama hivyo hivyo. Kisha wakanikumbusha kwa upole kwamba ni Alhamisi.

Alhamisi nilikwenda, na kusema kweli walinikirimu mpaka mkanda ukanikaba: supu ya samaki, nyekundu kwa pilipili, na keki zenye mbegu nyeusi ndani. Lakini nilikula bila raha. Mtu anayekukaribisha Alhamisi amekwambia pia kwamba siku nyingine zote usije.

4. Kuhusu hodi. Nimechunguza kwa makini na natoa taarifa rasmi: lugha yenu haina neno hodi. Ndugu Laszlo, aliyesoma Kiswahili kitabuni mpaka kitabu kikaisha, amekiri. Badala yake mna kengele ya kubonyeza. Kengele gani hiyo? Haikwambii kama anayekuja ana msiba, ana njaa, au amekuja tu. Mimi nilikataa kubonyeza. Nilisimama kwenye geti la jirani nikaita hodi mara tatu, kwa sauti ya kiume, kama nilivyolelewa. Madirisha ya mtaa mzima yakafunguliwa. Kumbe kwa masikio yenu neno hilo linafanana na jina la mnyama mmoja wa majini, mwenye meno ya kuangusha miti! Watu wazima, wenye akili zao, wakawa wananielekeza mtoni.

5. Kuhusu Bibi Margit. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba uache kalamu usikilize.

Bibi Margit ni mjane, ndiye aliyenipangisha chumba cha nyuma. Ana mtoto mmoja wa kiume, anaishi humo humo mjini, ng'ambo ya daraja, unaweza kuona bati la nyumba yake. Mtoto huyo si mbaya. Anakuja Krismasi, na anakuja siku ya kuzaliwa ya mama yake, na mara zote mbili anatoa taarifa kwanza.

Kila alasiri Bibi Margit aliandaa vikombe viwili mezani. Nilidhani kimoja ni changu kwa kuwa nimepanga. Kumbe alikuwa akiviandaa tangu zamani, kabla hata hajasikia jina la Tanzania. Nilipolifahamu hilo nikasema, la hasha, siwezi kuwa mtu mzima halafu kikombe kile kikae kitupu. Nikawa kila siku natoka chumbani kwangu, nazunguka nyumba, nasimama mbele, napiga hodi. Nilimfundisha kuitikia karibu. Alikuwa anatamka karipu, nami sikumsahihisha sana. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye anaongea Kihungaria, mimi naongea Kiswahili na nikichoka Kijita, na tulielewana kuliko mikutano mingi niliyohudhuria hapa wilayani.

Siku moja nilimsimulia habari za marehemu baba. Nilirudiarudia neno baba, nikaonyesha kaburi kwa mikono. Akalia sana. Baadaye nikaambiwa kwamba kwenu baba ni mtoto mchanga. Sijui alikuwa anamlilia nani, na sikuuliza. Mimi pia nililia, kila mtu na wake.

Nilipoondoka alisimama getini akasema karipu, karipu, kwa sababu ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo. Sasa nauliza rasmi: tangu niondoke, nani anapiga hodi pale? Usiniambie halmashauri inalifanyia kazi. Niandikie jina la mtu.

6. Kuhusu sukari. Hili ndilo linaloniuma kupita yote. Duka la mji wako lina sukari. Imekaa tu kwenye rafu, hakuna foleni, hakuna kibali, hakuna mgambo. Sabuni nayo ipo, ya aina mbalimbali, na mwenye duka anaweza kukugeuzia mgongo! Na nyinyi ni wajamaa kama sisi, kwa hiyo sijui kati yetu ni nani hakusoma vizuri. Sisi sukari tunaipata kwa kibali, sabuni kwa bahati, na mafuta ya taa kwa sala. Lakini kwenu mwenye sukari hana mgeni! Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninyi mtaponaje?

Huku kwetu, ndugu yangu, mtu akipiga hodi mlango unafunguliwa. Kama hakuna chai kuna uji wa chumvi. Kama hakuna uji kuna maji ya kunywa. Kama na maji hayajachotwa kuna kiti. Shida tunazo, tena nyingi, lakini hakuna mtu wa Mara aliyewahi kusimama nje ya mlango wa ndugu yake akakosa kuitikiwa. Haijatokea, na haitatokea. Naomba jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao chenu.

Kwa sababu hizo zote, nadai yafuatayo:

(a) Kengele zote za milangoni zing'olewe.

(b) Mji uwe na Balozi wa Nyumba Kumi kama sisi, yaani kiongozi anayezunguka nyumba zake kumi na kujua katika kila nyumba nani anaumwa, nani amegombana, na sufuria inapika nini. Akikuta nyumba ina amani kupita kiasi, achukue hatua.

(c) Nchi zetu zibadilishane bidhaa. Ninyi mna sukari ya ziada, sisi tuna wageni wa ziada. Mkoa mzima umejaa wageni. Tunaweza kuwaletea kwa shehena: wajomba wanaokuja kwa siku mbili wakakaa mpaka mavuno, na mashemeji wa Bunda ambao wakianza kuongea pamba ikipandwa, inachumwa bado wanaendelea. Ni wageni waliokomaa, wasiojua Alhamisi ni nini. Kila mgeni mmoja mtatupa gunia moja la sukari. Mgeni akirudishwa, sukari hairudi.

(d) Mkishindwa yote hayo, Bibi Margit aletwe Kamunyonge kwa gharama zenu. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili, lakini atakaa na watoto. Hapa hatapata nafasi ya kuwa mpweke hata akiwa chooni. Nikikosa jibu nitalifikisha suala hili Umoja wa Mataifa, na nitaomba askari wa kulinda amani watumwe kwenu kuivuruga kidogo.

Naona nimesema yaliyokuwa moyoni. Msalimie mkeo na watoto, msalimie daktari wa mifugo na mama wa mwiko, mzee wa ndoana, na mwenye duka. Korongo wakianza safari waambie wasipite Kamunyonge bila kuingia. Mke wangu Eufrasia na watoto wote wanakusalimu, hawajambo isipokuwa mafua ya hapa na pale. Ndugu Laszlo naye asalimike, kwa sauti.

Wako katika kujenga urafiki na mabwawa,

Alfonce Masatu

Nyongeza:

Nilikuwa nimekwisha weka sahihi, tukakaa kula. Leo Eufrasia alifanikiwa kupata sato mmoja, na sukari robo kilo baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, kwa hiyo watoto walikuwa wameahidiwa chai ya maziwa. Chai ilikuwa imemiminwa. Ndipo ikaja hodi.

Nikaweka kidole mdomoni. Watoto wakanyamaza palepale, hata mdogo, na mmoja akafunika sahani kwa kitambaa bila kuambiwa. Hapo nikajua kwamba kazi hii wanaifahamu, kwamba wakati mimi nikiwa kwenu wamekuwa wakiifanyaga.

Hodi ya pili nikaitambua sauti. Ni Shangazi Marieta, dada yake marehemu baba, aliyenilea baada ya mama kufa. Nilitaka kuitikia, Mungu ananiona. Lakini ukishanyamazia hodi ya kwanza, ya pili unaiitikiaje? Utasema ulikuwa umekwenda wapi, ndani ya vyumba viwili? Eufrasia alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikatazama chai. Hodi ya tatu ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeomba radhi. Halafu nikasikia ndala zake zinaondoka.

Sasa hivi jirani yetu, Mama Gati, ameleta kifurushi cha dagaa alichoachiwa. Shangazi ametoka Murangi kwa lori, amekaa juu ya magunia, kwa sababu alisikia mtoto wake amerudi salama kutoka Ulaya akataka amwone kwa macho. Amesema inaelekea tumesafiri, tusihangaike, atakuja siku nyingine. Mama Gati alinieleza yote hayo akiwa amesimama mbele ya vikombe vyetu vya chai.

Naona aibu, Ndugu Mwenyekiti. Futa madai yangu yote, na pale nilipoandika kuhusu mlango wa mtu wa Mara, futa kwa wino mweusi. Lile la Bibi Margit tu usilifute. Nenda wewe mwenyewe ukapige hodi, usitume mtu.

Bahasha ataifunga Eufrasia. Lori la Murangi haliondoki mpaka lijae, nakimbia.