Hotuba ya Kufunga Awamu ya Kwanza ya Kusaka Vyuma Kwenye Ghala la Zamani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, makaimu wao, na wanaowakaimu makaimu. Wadau wa maendeleo. Nanyi wananchi mliosimama juani kwa uzalendo mkubwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu. Nyuma, mtu anapiga miayo.)

Ndugu wananchi, mimi Mkurugenzi, mbunifu, mwasisi na, kwa unyenyekevu, maono yenyewe ya Mradi Jumuishi wa Kubaini Vyuma vya Kale Kwenye Majengo Chakavu ya Vijijini, nasimama mbele ya ghala hili la pamba, lililojengwa enzi za babu zenu, kuwatangazia kwamba katika siku tisa tu mtambo wetu wa kidijitali wa kunusa chuma umelia mara mia moja na kumi na nne, na kila ulipolia tulichimba, jambo linalotupa ufanisi wa asilimia mia moja katika kipengele cha kuchimba. (Makofi.) Katika kipengele cha kupata, tumepata bawaba moja, misumari saba na kijiko, ambacho mama mshonaji, mkazi wa nyumba iliyoungana na ghala, anadai ni chake. ("Ni changu! Mlikitoa jikoni kwangu!") Mama, tulia, data bado inachakatwa.

(Mshonaji anasimama. "Mheshimiwa, mashimo yako yamefuatana hatua kwa hatua mpaka ukutani kwangu. Fundi wako amevaa buti zenye chuma vidoleni. Mtambo unalilia miguu yake!" Vicheko. Fundi anaficha miguu chini ya kiti.)

Ndugu wananchi, hayo ni maoni ya mtu asiye na utaalamu. Upembuzi yakinifu umeonyesha kwamba fundi akisimama, hazina husimama, na akitembea, hazina humfuata, ishara kwamba hazina ya hapa ni kubwa na imehamasika. ("Mvueni buti!")

Kuhusu ukuta, tutumie lugha ya kujenga. Ukuta haujapasuka, umeongezewa fursa ya hewa.

("Fursa gani? Mama mkwe wangu amelala nyuma ya huo ukuta, hawezi hata kujigeuza. Mvua ikinyesha mara moja tu utamwangukia. Fukieni leo, nawaomba!" Hata dereva wa Mkurugenzi anainamisha kichwa.)

Uchungu wako nimeupokea, mama, na utafunguliwa faili.

Nimalizie kwa kaulimbiu. Chuma cha jana! (Kimya.) Hapo mnajibu, "Maendeleo ya leo!" Tena: chuma cha jana! ("Fukieni!")

Namshukuru shemeji yangu, mlinzi, kwa kutuazima mtambo huu, ambao kazini kwake hukagulia mikoba ya wageni mlangoni. Na kwa namna ya pekee nayashukuru makao makuu, ambayo yameniandikia asubuhi hii kwamba mradi huu hawaujui, hawajawahi kuuidhinisha, na haumo popote. Kwa hiyo, mama, kisheria hapa hakujachimbwa kitu, nasi hatuna mamlaka ya kufukia kisichochimbwa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Ngurumo kwa mbali. Mshonaji anakwenda kwenye gari la idara, anashusha jembe, anaelekea ukutani. Wananchi wanamfuata, kila mmoja anashusha lake. Fundi naye, akiwa pekupeku.)

Jamani! Jamani, rudisheni! Hayo majembe ni mali ya mradi!