Pikapu ya Kumpeleka Mektilda Kanisani

Jumatatu, 1 Julai 1996
Mungu ni mwema! Pikapu imefika. Pamba niliwauzia wanunuzi binafsi, gari nikalifuata Mwanza mwenyewe. Limetumika Japani, lakini kwa adabu.

Jumamosi litampeleka binti yangu Mektilda kufunga ndoa Bariadi. Alisema mwenyewe, mbele ya mama yake, kwamba atapanda gari la baba, si Landrova ya jirani Machibya. Nilitoka kidogo nikajifuta macho nyuma ya ghala.

Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo nyekundu, haizimiki usiku wala mchana. Imenituliza moyo. Kama ile ya kanisani, mbele ya Tabernakulo! Sijamwambia mtu. Wataona najisifu.

Jumanne, 2 Julai
Machibya kaja kukagua. Nikampigia honi ya kumkaribisha. Akauliza mbuzi mwenye mafua nimemfunga wapi. Wivu! Akasema tena kwamba koroboi ya mkewe inamulika kushinda taa zangu. Nikamweleza gari la Mkristo haliwamulikii watu machoni.

Fundi Masele alikuwapo. Kasema honi kukauka, taa kufifia, mkanda wa injini kulia, na ile nyekundu kutozimika, yote ni jambo moja: alteneta imechoka, haichaji betri. Nimpelekee leo leo. Nikamshukuru. Masele akiona gari lazima aone mgonjwa.

Jumatano, 3 Julai
Asubuhi nimewasha. Tik. Basi.

Nikawaza. Betri za redio zikichoka tunazianika juani, na taarifa ya habari tunaisikia. Ya gari si ndugu yao? Nikaifungua, nikaianika kando ya mahindi. Mke wangu Nyanjige akauliza nitaigeuza saa ngapi, isije ikaiva upande mmoja. Mama huyu ana msaada! Nikaigeuza. Ikanimwagia maji yake makali. Suruali ya harusi, niliyokuwa naijaribu, imetoboka magoti yote mawili. Nyanjige anatia viraka.

Ijumaa, 5 Julai
Nimepata dawa! Salu, mwalimu wa kwaya, kaniazima betri ya spika za kanisa. Gari limeunguruma mara moja. Kumbe ni betri tu!

Masele kasema betri hiyo ni mtungi unaochotwa bila kujazwa, utakauka njiani bibi harusi akiwa ndani. Nikamjibu nina imani. Akasema niwe nayo, na alteneta pia. Watu wa leo!

Jumamosi, 6 Julai
Tumetoka kwetu Dutwa kwa vigelegele. Kwanza ikafa redio. Kisha honi. Kisha gari lenyewe, katikati ya mashamba ya pamba.

Machibya akasimamisha Landrova, akafungua mlango, akatabasamu mpaka masikioni. Akasema yeye hasemi kitu. Nikashindwa kumtazama mwanangu. Gauni jeupe, vumbi, jua. Mektilda akafunga kioo, akasema hashuki. Alikwishasema gari la baba.

Hapo akapita mzee Nyanda na ng'ombe wanne wa mkokoteni wa pamba. Akauliza kama ndiyo mtindo mpya wa harusi. Nikasema ndiyo! Akawafungua, akawafunga mbele ya pikapu kwa mnyororo. Tukaingia Bariadi hivyo, Mektilda akipunga mkono kama mke wa waziri. Bwana harusi Deogratias alikuwa karibu kulia. Paroko alicheka mpaka akavua miwani. Na Machibya nyuma yetu, mwendo wa ng'ombe, vumbi lote lake. Deo gratias, Mungu ashukuriwe!

Kwaya iliimba bila spika. Salu alinitazama misa nzima. Nikaimba kwa nguvu kumsaidia.

Jumapili, 14 Julai
Masele kabadili alteneta. Kaniapisha kwamba dashibodi ikionyesha chochote kigeni, nisimame, nimwite. Nikaapa. Sasa naelewa magari vizuri.

Leo twaenda Nkoma kumwona Mektilda kwake. Kwenye dashibodi kuna mshale mdogo ambao siku zote hulala chini. Tangu Dutwa unapanda, sasa umegonga juu kabisa. Gari limepata nguvu mpya! Mvuke mweupe unatoka kwenye boneti, mzuri, kama ubani wa Pasaka.

Nimesimama kidogo niandike haya. Nyanjige ameshuka na kuku wake wa zawadi, anasema atatembea. Namhurumia, kwa jua hili. Nitampita sasa hivi.