Brayson Sumari na Mlaji wa Kuku wa Mama Hanna

Tegeni masikio, enyi wa Lemara na Levolosi, nanyi mpaliliao kahawa huko juu migombani. Tueni vikombe, zimeni redio, maana inasimuliwa habari ya vita. Nawe Meru, mlima uliobomoka ubavu wa mashariki ukabaki umesimama, shuhudia kwamba hakuna lililoongezwa.

Alikuwapo Brayson Sumari, mzaliwa wa Lemara, mbeba darubini, bwana wa kalamu nne za rangi, aliyetumwa na chuo kupanda mlimani achore nani anamla nani katika shamba moja la migomba. Akafikia kwa Mama Hanna, mjane, rafiki wa siku nyingi wa mama yake. Akatandaza mezani karatasi kubwa kama shuka, akaanza kupiga mishale, kila mshale ukitoka kwa anayeliwa na kuelekea kwa anayekula: fukusi akaenda kwa chura, chura kwa nyoka, nyoka kwa mwewe, na falme zote hizo zikamtii.

Ufalme mmoja tu uliasi. Siku ya kwanza shujaa alihesabu kuku saba. Siku ya pili, sita. Siku ya tatu, watano, na hapakuwa na unyoya, wala damu, wala unyayo. Brayson akalala kifudifudi kwenye majani makavu ya migomba akimvizia nguchiro. Nguchiro akapita na mjusi wake mdomoni, hana habari naye. Akamwaga majivu kuzunguka banda ili adui aache nyayo. Akakuta alama za kandambili. Katika daftari lake, hazina ya elimu, aliandika: "Saa nne asubuhi. Jirani, mzee Nathanaeli, amepita na kisu. Hahusiki."

Na kila siku saa nane mchana, akiwa hoi kwa mapambano, aliketi mezani, na Mama Hanna akamwekea ndizi kwa kuku, na juu kabisa firigisi, pande la mtu anayeheshimiwa. Shujaa alikula kwa majonzi. Aliwalilia marehemu huku akilamba vidole.

Mama Hanna naye alikuwa amenasa. Nyumbani kwake mgeni halishwi mboga tupu, na mgeni huyu alikwisha kuapa kwamba haondoki mpaka mlaji wa kuku ajulikane. Siku ya saba alibaki kuku mmoja, yule wa kishungi, ameatamia mayai kumi na moja. Mama Hanna alimtazama akaona uchungu kweli kweli. Mzee Nathanaeli alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na kisu chake.

Hapo Brayson akasimama, akaweka mkono kifuani, akanena: "Mama, siondoki. Hata ikinichukua mwezi mzima, nitamlinda kuku huyu mpaka mwuaji aanikwe mbele ya watu."

"Mwezi mzima?"

"Mzima, mama."

Mama Hanna akaweka mwiko chini. "Haya, mwanangu. Hebu nionyeshe hiyo karatasi yako. Kuku hapa anakwenda kwa nani?"

"Kwa alama ya kuuliza."

"Jana saa nane ulikula nini?"

"Ndizi kwa kuku."

"Na juzi?"

Shujaa akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Firigisi sita umekula hapa kwangu," akasema Mama Hanna taratibu. "Na kuku mmoja ana firigisi moja."

Mkono uliozishinda falme ukaivuta karatasi. Brayson akachukua kalamu nyekundu, akapiga mshale kutoka kwa kuku mpaka kwenye jina lake mwenyewe, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mama Hanna akaukagua.

"Huo umeingia. Na unaotoka kwako, unakwenda kwa nani?"

Akaipekua karatasi nzima, kona kwa kona. "Kwa mbu, mama."

"Nathanaeli, rudi na kisu chako nyumbani. Leo mgeni anakula loshoro."

Basi na iandikwe, na wasomi waisome wakiwa wamevua kofia, kwamba mlaji wa kuku alitafutwa siku saba, akapatikana, akazuiwa, na msomi aliyempata akala bakuli mbili za mahindi na maziwa ya mgando bila kunung'unika. Kuku wa kishungi akatotoa vifaranga tisa. Brayson alipopanda tena mlimani kuja kuwahesabu, Mama Hanna alimkaribisha chai, akasimama kati yake na banda mpaka alipomaliza kikombe.